Maji ya Jaruba la Juu

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kivuko cha Kigongo, nimebanwa kati ya lori la viazi na mwanamke aliyebeba beseni la miche ya mpunga. Mizizi ya miche ile ilikuwa bado na tope, na tope lile lilikuwa linanukia. Siyo uvundo, ni ile harufu ya chuma kilicholowa na majani yanayooza taratibu, ambayo mtu akishaivuta utotoni haimtoki puani. Kabla sijajua ninalofanya, nilikuwa namuuliza yule mwanamke miche ameing'oa kitalu cha nani. Alinijibu kwa ukali kwamba ni chake. Sikumlaumu, maana niliuliza kama askari.

Mtanisamehe. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi asubuhi, najiuliza anataka nini. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, kando ya jaruba la mpunga, na aliyenifundisha ni baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Bukoba, kwenye migomba na kahawa, na alihamishiwa Usukumani katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati watu walikuwa ndiyo kwanza wameshushwa kutoka vilimani na kupangwa kwa mistari karibu na ziwa. Mbali na shamba la pamoja, kila kaya ilipewa jaruba lake bondeni, yaani kipande kilichozungushiwa tuta la udongo ili maji ya mvua yatuame na mpunga usimame ndani yake. Letu lilikuwa juu kidogo. Chini yetu, tukitenganishwa na tuta moja tu, lilikuwa jaruba la Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, waliosoma darasa moja na mimi. Mumewe alifanya kazi kiwandani Nyakato na alirudi kijijini alipokumbuka. Katika wanakijiji wote, ni Mama Kulwa karibu peke yake aliyezaliwa katika bonde lile. Wengine, mwenyekiti wa kijiji akiwemo, walikuwa watu wa pamba na ng'ombe, na mpunga walikuwa wanajifunza kama sisi.

Baba aliamini jembe. Kwao shimo la mgomba huchimbwa mpaka mtoto anaweza kujificha ndani yake, kisha linajazwa samadi, na mgomba unamshukuru mchimbaji kwa miaka. Basi kabla ya mvua alichimba jaruba letu vivyo hivyo. Alipita udongo mweusi wa juu, akafika kwenye tabaka la kijivu, gumu, lililokuwa linalia chini ya jembe kama bati, akalivunja lote kwa jasho na majigambo. Chini yake ukatokea mchanga. "Sasa udongo utapumua," aliniambia, na mimi nikaamini kwamba ardhi yote ya Usukuma ilikuwa imebanwa pumzi ikimsubiri yeye.

Mama Kulwa alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akasimama, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu. Usiende chini hivyo. Huko pagumu paache kama palivyo."

Baba alimshukuru kwa sauti ile anayomshukuru nayo mwanafunzi aliyekosea jibu. Jioni tukiwa tunakula akauliza, "Kwa nini hataki nichimbe? Anaogopa nitamzidi." Mama, ambaye mpaka hapo hakuwa na wazo lolote baya, aliacha kutafuna akaanza kuwaza.

Mvua ikanyesha. Majaruba yote yakajaa, yakawa yanang'aa bonde zima. Siku ya tatu letu lilikuwa limepungua, na la Mama Kulwa lilikuwa limejaa hadi bata wake wanaogelea. Mvua ikajaza tena, na tena letu likashuka. Baba alichonga alama kwenye utete, akausimika katikati ya jaruba, na kunipa kazi ya kuusoma kila asubuhi kabla ya shule. Nilikuwa naenda mbio, nasoma, narudi mbio. Maji yalikuwa yanashuka kila siku, hata siku ambazo jua halikutoka.

Halafu Baba akaona kitu kwenye tuta. Upande wetu kulikuwa na tope bichi lililopigwapigwa, na alama za vidole vya mtu mzima. "Anatoboa usiku, alfajiri anaziba," alisema. Lilikuwa jibu zuri mno. Ukishaanza kumshuku mtu, kila kitu kinakaa mahali pake.

Mama Kulwa alituletea furu, vile visamaki vya ziwani, waliokaushwa, siku ileile. Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akampa paka wetu. Tulimkalia yule paka hadi jioni tukisubiri afe. Hakufa. Kesho yake alihamia kwa Mama Kulwa moja kwa moja, na Mama akasema hata hiyo ni dalili.

Mchana mmoja baada ya shule nilijificha kwenye matete, nikakaa hadi miguu ikafa ganzi. Mama Kulwa akaja na jembe. Alivuka tuta akaingia upande wetu. Aliinama, akapapasa tuta kwa kiganja, akapata tundu, nadhani la kaa. Akachota tope kwenye jembe, akalishindilia mle tunduni, akapigapiga hadi likawa laini. Akanawa mikono, akatazama huku na huku, akaenda zake.

Nilifika nyumbani sina pumzi. "Baba, nimemwona! Kwenye tuta letu!"

"Alikuwa na jembe?"

"Alikuwa na jembe."

Baba hakuuliza zaidi. Aliniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakuwa analifanya, na kwa kweli nilijisikia vizuri sana. Yale mengine niliyoyaona nikayaacha mdomoni.

Mkutano ulifanyika darasani kwetu, wazee wamekaa kwenye madawati yetu madogo, magoti yamefika kidevuni. Kijiji kilikuwa na kauli moja: anayeiba maji ya mwenzake ananyang'anywa jaruba. Kila mtu alijua Mama Kulwa hana chakula kingine cha mwaka ule ila mpunga. Kulwa na Doto walisimama dirishani nje, wameshikana mikono.

"Haya, mtoto wa Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Usiogope. Uliona nini?"

"Nilimwona Mama Kulwa ameinama kwenye tuta letu. Ana jembe."

"Halafu?"

Nikamwangalia Baba. "Basi."

Mama Kulwa alikuwa ananitazama. Hakunikunjia uso. Alinyamaza kwa muda mrefu hata mwenyekiti akakohoa, na mimi nikajiambia, anatafuta uongo.

"Mtoto hajadanganya," akasema mwishowe. "Nilikuwepo. Ila maji hayapiti kwenye tuta, Ndugu Mwenyekiti. Yanapita chini. Mwalimu ametoboa sakafu."

Watu walicheka. Maji yapite chini kama fuko! Lakini mwenyekiti hakutaka mapacha wale wafe njaa, na hakutaka kumwaibisha mwalimu wa watoto wake, kwa hiyo akakata shauri ambalo kila mtu alilisifu: tubadilishane. Sisi tuchukue jaruba la chini, Mama Kulwa achukue la juu.

Tuling'oa miche yetu kitaluni siku iliyofuata, tukaipanda kwenye maji yaliyofika nusu ya muundi. Yalikaa vizuri. Mvua nyingine ikanyesha, yetu yakapanda, na ya Mama Kulwa, kule juu, yakashuka. Miche yake ikabaki kitaluni ikikomaa, kwa sababu mpunga haupandwi pakavu.

Hapo ndipo mambo yalipotugeukia. Maji yalikuwa bado yanatoka juu kuja chini, na chini sasa tulikuwa sisi. Wanawake walianza kunyamaza Mama akifika kisimani. Kwenye mnada mtu alimwambia Baba, akicheka, kwamba siku hizi walimu wanafanya kazi hadi usiku. Kwa ushahidi wetu wenyewe, mwizi alikuwa Baba. Na mimi, mwanafunzi wake mzuri, nikaanza kumchunguza. Nilikagua viatu vyake. Nilinusa jembe lake.

Jumapili moja kulipopambazuka alitoka kabla ya misa. Nikamfuata. Nilimkuta kwenye jaruba la juu, amekunja suruali ya kanisani, amepiga magoti kwenye tope, mkono umezama hadi begani. Aliutoa umejaa kitu kwenye ngumi, akakisuuza kwenye maji kidogo yaliyobaki, akafungua kiganja. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe. Alizamisha mkono tena mahali pengine, akatoa mchanga uleule. Alipogeuka akaniona, hakunikaripia.

"Koku," aliniita, "nenda nyumbani."

Wiki ile Mama Kulwa aliazima ng'ombe wa kaka yake, akawaswaga wazunguke na kuzunguka ndani ya jaruba, wakanyage tope hadi lishikamane na kuziba kule chini. Baba alikwenda kumsaidia siku tatu mfululizo, akiwa ametapakaa tope hadi kwenye miwani. Kijiji kizima kilimwona. Walewale waliokuwa wanamnong'ona sasa walisema Mwalimu ana moyo wa ajabu, kumsaidia mtu aliyemwibia. Baba alisikia, akaendelea kuswaga ng'ombe. Niliona aibu bila kujua ni ya nani.

Maji yakakaa, lakini miche ilishakomaa na mvua ikakatika mapema. Mpunga wa Mama Kulwa ulikuwa mapepe matupu karibu wote, maganda yasiyo na punje. Sisi tulivuna vizuri. Baba alimpelekea magunia mwenyewe kwa baiskeli, safari baada ya safari, na katika mkutano hakusema neno hadi alipohamishwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile ya mchanga alijua kila kitu, na kwamba magunia yalikuwa rahisi kwake kuliko sentensi moja.

Nisimseme sana. Mimi nami nilikuwa na sentensi yangu. Nilirudi kijijini nikiwa mtu mzima, nina watoto, nikamkuta Mama Kulwa anachambua mchele barazani, macho yamefifia. Nilimwamkia, akaitika, akanikumbuka. Nikamwambia, "Mama, siku ile mimi niliona unaziba. Sikusema."

"Najua, mwanangu," alisema, hakuacha kuchambua. "Nilikuona kwenye matete. Gauni lako la shule lilikuwa linaonekana. Ndiyo maana nilinyamaza pale mkutanoni. Nilikuwa nakusubiri umalize."

Miaka yote ile nilikuwa nimeuhesabu ukimya wake kuwa wa mwizi. Kumbe alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikamwangalia Baba.