Siku Freighter Ilipofika Kirushya

Enzi zetu, wenzangu, neno moja la Kiingereza tulilitafuna wiki nzima. Siku hizi mtoto akiulizwa neno anabinya simu, anajibu, na kabla kioo hakijazimika ameshasahau. Halafu mimi ndiye mshamba!

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Kirushya, Mwalimu Shabani alipoandika ubaoni freighter. Alikuwa mtu wa Biharamulo mjini, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na meli alikuwa ameziona kwa macho yake. Akachora moja ya mizigo. Sisi, tuliotoka kukimbiza mpira wa majani ya migomba, vumbi mpaka kwenye kope, tuliona mtumbwi wa kukanyagia ndizi za pombe uliowekewa bomba la moshi. Tukacheka mpaka tukachoka, naye akangoja.

Kisha akaeleza. Waingereza waliliokota neno freight kwa majirani zao wa ng'ambo ya bahari, Waholanzi na wenzao. Mwanzoni lilikuwa malipo ya kusafirisha mzigo majini, baadaye likawa mzigo wenyewe. Freighter alikuwa mtu, yule anayepakia mzigo au kukodi chombo. Miaka mingi ilipita ndipo meli ikarithi jina lake. Hakuna aliyepiga miayo. Leo hii ukieleza kitu kwa dakika mbili wanakutazama kama redio mbovu.

Nyumbani kwetu hakuna aliyeingia mikono mitupu, hata ukitoka shule uliokota kuni. Siku hiyo mvua ilikuwa imelowesha kila kijiti. Na baba alikuwa anatafuta sababu tu ya kuniachisha shule, maana kaka yangu alikuwa ameoa na kuhama, na wa kupeleka ndizi sokoni hakuwepo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta neno."

Mama aliyekuwa anakoroga maharage alikohoa ili asicheke. Nikalisema, nikaongeza kwamba ni meli ya mizigo.

"Meri!" baba alifoka. "Itapita wapi, kwenye migomba yangu? Shule imekwisha. Kesho utabeba ndizi."

Nilijua baba hasemi mara mbili. Nikaanza kumweleza yote, haraka haraka, machozi yananitoka, kama vile nikinyamaza tu ndiyo basi. Nilipofika kwenye malipo akainua mkono.

Kwetu mbebaji hakutwishwa mkungu kabla hajakatiwa chane yake ya ujira ikawekwa pembeni, hata awe ndugu. Ukimwambia kijana wa leo habari hiyo atakuuliza kwa nini hamkuita bodaboda.

"Kwa hiyo na hao watu walikata chane kwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Halafu mzigo ukachukua jina la chane?"

"Ndiyo. Kisha mwenye kukodi chombo, kisha meli yenyewe."

Mama aliacha kukoroga.

"Meri imechukuaje jina la mtu?" baba akauliza. "Kesho kamuulize mwalimu vizuri, uje uniambie."

Asubuhi alijitwisha ndizi mwenyewe akaenda sokoni. Habari ya kuniachisha shule hakuigusa tena, na mimi nikasoma mpaka nikawa mwalimu.

Juzi wajukuu zangu walikuja kutoka Nyakahura, wanaongea Kiingereza cha puani, ada yake baba yao anailipa kwa kuuza ng'ombe. Mmoja akaona picha kwenye simu, akasema freighter, kwa madaha. Nikasogeza kigoda, nikaanza kumsimulia neno hilo lilikotoka.

"Bibi, fupisha," akasema, kidole kimeshahamia picha nyingine.

Baba yangu amezikwa bila kuona meli, hata ya kwenye kalenda. Lakini yeye alinisikiliza mpaka mwisho.