Mabua ya Sijaona

Bahizire na mimi tumepakana mashamba katika bonde la mpunga lililo chini ya barabara ya Kajaga. Kati yetu kuna tuta moja la udongo, na kwa mwaka mzima hatukusemezana ila salamu na ugomvi mmoja. Mimi si mtu wa kubembeleza watu. Yeye naye, tangu mkewe Sijaona afariki, alikuwa anakula maharage yake amesimama, ametupa kisogo.

Shamba lilikuwa la Sijaona. Walikimbia vita pamoja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Bahizire akapata kazi ya kulinda lango la nyumba ya wakubwa kule Kiriri. Kwa miaka kumi na tisa alilinda maua ya watu huku mkewe akilima. Jumapili alishuka, akala wali, akausifu, akapanda tena mlimani. Watoto wao wawili walipata nafasi ya wakimbizi kwenda Australia. Sijaona alipokufa, tajiri wa Kiriri akaona mlinzi amezeeka, akamwachisha kazi. Mzee akabaki na jembe asilolijua.

Hapa kwetu tunalimiana: leo kwako, kesho kwangu, watu sita mstari mmoja. Warundi wanaita ikibiri. Sijaona alikuwa wa kundi letu. Mumewe tulimjaribu siku mbili. Alipandikiza mche mmoja sisi tukiwa tumepandikiza kumi, na tulipoimba yeye alinyamaza. Tukamwacha alime peke yake. Wakati ule sikuona haya. Naona sasa.

Msimu wake wa kwanza alifanya kama wengi, alichoma mabua ya mpunga yaliyobaki baada ya mavuno, akapanda. Akavuna magunia mawili pale ambapo mkewe alikuwa anavuna manane. Méthode wa kamati ya maji akamwambia wazi kwamba msimu mwingine wa hivyo, shamba linapewa mtu mwingine. Ndiyo sheria ya bonde. Kwa Bahizire haikuwa habari ya chakula tu. Bila shamba angebaki na chumba chake cha Buterere, kitanda na redio, asubuhi mpaka jioni.

Msimu wa pili akakumbuka kwamba Sijaona hakuwa anachoma mabua. Kule Kiriri alikuwa amemwona mtunza bustani akifukia majani mabichi chini ya maua, na maua yakanawiri. Basi siku moja kabla ya kupandikiza, akaokota mabua huku na huku, akayafukia kwenye tope, akafungulia maji. Nilimwona. Nilijua anaharibu, nikainama nikaendelea na kazi yangu, kwa sababu wiki ile tulikuwa tumegombana juu ya zamu ya maji na roho yangu ilikuwa mbaya.

Wiki ya tatu miche yake ikawa ya njano. Ukikanyaga, mapovu yanapanda na harufu ya yai viza. Bahizire akaja kwenye tuta, kofia mkononi.

"Mama Elsa, bibi yangu alikuwaka anafanya aje na hii mabua?"

"We hukumuulizaka?"

"Apana. Hata siku moja."

Nikamweleza. Sijaona alitawanya mabua siku ya pili baada ya kuvuna, akayageuza na jembe tope likiwa bado na unyevu, kisha akaliacha shamba bila maji wiki nne, yaoze. Yakianza kuozea ndani ya maji, yanakula nguvu ya udongo kabla mpunga haujaipata. Dawa ni moja tu, kutoa maji yote mpaka udongo upasuke nyufa, ndipo uyarudishe.

Lakini maji yake hayana njia ila kupitia kwangu, na njia ile nilikuwa nimeiziba mwenyewe baada ya ugomvi. Bahizire alilijua hilo, hakuomba. Nikachukua jembe nikaizibua. Maji meusi yakapita kati ya mpunga wangu, yakanuka siku mbili.

Siku ya tisa nyufa zilitosha kuingiza kidole. Tukarudisha maji. Majani mapya yakatoka ya kijani, na mwisho wa msimu akavuna magunia sita. Méthode akapita, akatazama, akasema shamba linabaki kwa Bahizire. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Tangu hapo anakula kwenye tuta, amenigeukia. Lakini hanitafuti mimi.

"Bibi yangu alikuambiaka nini ingine?"

Nikamwambia yote niliyokumbuka. Kwamba udongo wa katikati una kiu. Kwamba majivu ya jikoni alimwaga upande wa chini. Kila neno analisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Siku moja akasema, "Mi alikuwa ananiambiaka tu chakula iko tayari." Alisema hivyo bila kulalamika.

Jana aliuliza tena, na mimi sikuwa na neno la Sijaona lililobaki hata moja. Nikatunga. Nikamwambia mkewe aliipenda kona moja kuliko zote, kila jioni alinawia miguu pale kabla ya kurudi nyumbani.

"Kona gani?"

Nikanyoosha kidole, popote tu. Bahizire akavua viatu, akaenda, akanawa miguu pale, polepole, mpaka giza likaanza kuingia.