Mgongo wa Fundi Nakshi

Ushawahi kusimama mbele ya mlango wa nakshi ukauliza mgongo wa aliyeuchonga u hali gani? Hukuuliza. Mgeni anaupiga picha, sisi tunajivunia, na Khatib, mchongaji wa mtaa wa Mkunazini, anashindwa kuinama avae viatu. Fahari gani hiyo?

Miaka ishirini na minane Khatib amechonga kama alivyofundishwa: kakaa mkekani, kajikunja, ubao kaubana kwa nyayo. Mwenzake wa karakana, Jaku, husema fundi wa kweli haachi sakafu. Anayesimama kazini, husema, ni muuza juisi. Lakini tangu Ramadhani mguu wa kushoto wa Khatib umekuwa ukimfa ganzi. Wiki iliyopita ubao ulimchoropoka, patasi ikaparuza waridi alilolichonga kwa siku tatu. Jaku akacheka, akamshauri akatafute mtu amkanyage mgongo. Khatib hakucheka. Alichoogopa ni kwenda hospitali aambiwe aache kazi.

Rahila, mkewe, ndiye aliyemkokota hospitali. Huko mpiga picha za ndani ya mwili, Bi Nadra, alimlaza kwenye kitanda chembamba kinachoingia ndani ya mashine kama pete kubwa. Alimweleza kwamba mashine itaupiga mgongo picha vipande vipande, kama mkate uliokatwa, bila ya kumgusa. Asitikisike tu. Kwa mtu wa patasi, hilo lilikuwa jepesi.

Baadaye daktari alimwonyesha kipande kimoja cha picha kwenye kioo cha kompyuta: mfupa mweupe, katikati tundu la kupitia mishipa ya fahamu. Upande wa kushoto mfupa ulikuwa umeota, umeziba njia. Khatib alisogea, akaukagua kama akaguavyo kazi ya mtu.

"Hapa fundi hakusafisha."

Daktari alicheka, akamwambia hapakuvunjika wala hapana uvimbe. Atafanya mazoezi, na sakafu aiache.

"Na kazi?"

"Kazi nani kakukataza, bwana? Inyanyue ikufuate uliposimama."

Jioni Khatib alimpelekea Jaku picha, akisubiri kejeli. Jaku aliitazama, akauliza ganzi ilianzia wapi. Khatib alipomwonyesha pajani, Jaku akajipapasa paja lake mwenyewe, pale pale.

Asubuhi yake Khatib alikuta mikeka imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Katikati ya karakana palisimama meza mpya, ubao wa waridi umebanwa kwa jiriwa, si kwa nyayo tena. Jaku alikuwa amesimama mbele ya meza, patasi mkononi.

"Juisi ya nini leo?" Khatib aliuliza.

Jaku alisogea kando, akampisha nafasi mezani.