Ndoo ya Majina ya Aldersett

Mama yangu, Beryl Outhwaite, alipakulia watoto wa shule chakula mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akimkaripia mtu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mtu akimpita kwenye foleni, anarudi nyuma kidogo ili huyo mwizi wa nafasi asimame vizuri. Majirani wanasema ana malezi mema. Mimi nasema ni ujinga, na nimeshamwambia hivyo usoni. Akaniomba radhi kwa kuniudhi.

Kila Agosti anakodi karavani, kijumba cha magurudumu, karibu na bahari, mvua inyeshe isinyeshe. Anawachukua Joss na Robyn, watoto wa marehemu kaka yangu Craig, na mimi nawapeleka kwa gari kutoka ngome moja hadi nyingine. Watapanda minara, watanunuliwa panga za mbao, watakatazwa kukanyaga nyasi, kisha watakula sandwichi za mayai ndani ya gari lililojaa ukungu vioo vyote. Hiyo ndiyo likizo yetu. Mama yao ni muuguzi, na Agosti hapewi ruhusa.

Lakini ngome zote hizo ni kisingizio. Tunakokwenda ni Aldersett. Craig alitumbukia kwenye bwawa la samaki la Aldersett akiwa mdogo, akatoka na ruba mguuni, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumweleza kitu kuhusu mahali pengine duniani. Pikipiki ilipomuua, Robyn akiwa bado tumboni, madereva wenzake wa mabasi walichanga wakamwekea benchi kwenye bustani ya ngome hiyo, lenye kibao cha shaba na jina lake. Kaburi hana. Tulimchoma, na majivu yakachukuliwa na upepo. Benchi lile ndilo lililobaki.

Mwaka huu Robyn amejua kusoma. Alianza na maboksi ya nafaka za asubuhi, akaja kwenye mabango ya barabarani, sasa hata maandishi ya nyuma ya lori hayampiti. Mama alikuwa akiusubiri mwaka huu tangu mtoto azaliwe. Alikataa katakata kumwambia kibao kimeandikwa nini.

"Nidokeze tu, Bibi," Robyn alimwomba njia nzima.

"Sidokezi. Baba yako amekuandikia, utasoma mwenyewe."

"Mimi najua," alisema Joss, kaka yake, akijipigapiga goti kwa upanga wake wa mbao.

"Wewe funga mdomo, au huo upanga nautupa dirishani," nikamwambia.

Tulipofika, Robyn alikimbia mbele, akapita waridi, akapita wazee waliokuwa wakipiga picha waridi, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lililo chini ya mti wa mapeasi ambao matawi yake yametandazwa ukutani. Akapiga magoti kwenye changarawe. Akaweka kidole kwenye shaba. Mama alisimama nyuma yake, mkono kifuani.

"Ba... Bar... Barbara," akasoma. "Barbara Whitlock. Aliipenda bustani hii." Akageuka. "Bibi, baba alikuwa anaitwa Barbara?"

Joss alicheka, kisha akaniangalia, akaacha.

"Labda tumekosea benchi," Mama akasema. Hakuwa amekosea. Angeweza kulifikia benchi lile akiwa amefumba macho, lakini alizunguka bustani nzima akisoma kila kibao, akiwaomba radhi watu waliokaa ili waegemee pembeni. Mimi nilibaki pale pale, nikaliinamia benchi. Shaba ya Barbara ilikuwa mpya, inang'aa. Pembeni yake mbao zilikuwa na matundu manne ya skrubu, yamezibwa kwa nta.

Ofisi iko nyuma ya duka la zawadi. Msimamizi alikuwa kijana aliyevaa sweta lenye nembo ya ngome, na beji iliyosema anaitwa Giles. Alitusikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma ya kufundishwa.

"Ndiyo, mama. Vibao vina muda wake. Ni miaka mitano, halafu nafasi inapewa familia nyingine. Wanaosubiri ni wengi mno."

"Nani alituambia?" nikauliza.

"Mabadiliko yale yaliwekwa kwenye tovuti yetu."

"Kwenye tovuti! Mama yangu hata simu yake anaifunika taulo usiku isimwamshe. Mngeshindwa nini kupiga?"

"Samahani," Mama akasema. Hakuwa anazungumza na mimi. "Samahani, kijana, hatukujua. Tumekusumbua kazini."

Wallahi nilitaka kumtafuna. Wamemng'oa mwanawe kwenye benchi kama tangazo la mnada, naye anaomba radhi! Nilifungua mdomo nimwambie, lakini Robyn akanitangulia.

"Shangazi," akasema, "kwa hiyo baba hajaniandikia?"

Hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kama basi limeshapita. Mama alimtazama mtoto yule, kisha akamgeukia Giles.

"Kibao cha mwanangu kiko wapi?"

"Vya zamani tunavihifadhi. Viko kwenye banda la mtunza bustani. Tunaweza kukutafutia ndani ya siku kadhaa..."

"Twende."

Kilichoitwa kuhifadhi ni ndoo. Ndoo ya plastiki iliyowahi kuwekewa mbolea, nyuma ya toroli, imejaa vibao hadi mdomoni, na konokono asiye na gamba amelala juu yake. Mimi nilitukana. Tusi lenyewe siliandiki hapa, kuna watoto. Giles aliinama, akasema atatafuta yeye, itakuwa haraka zaidi.

"Mwache asome," Mama akasema.

Robyn akakaa juu ya chungu kilichopinduliwa. Alichukua kibao cha kwanza, akakifuta kwa mkono wa sweta, akasoma kwa sauti ile ya darasani, herufi kwa herufi. Ernest na Vi, wako pamoja tena. Akampa Joss. Hazel wetu mdogo. Akampa Joss. Mwalimu Pickersgill, aliyejua jina la kila ndege. Joss alikuwa ameuweka upanga chini, anavipanga kwenye changarawe kwa adabu ambayo sijawahi kuiona nyumbani. Watalii wakaanza kusimama mlangoni mwa banda. Mzee mmoja akavua kofia. Giles akawa mwekundu mpaka masikioni, na mimi nikafurahi, nikaomba awe mwekundu zaidi.

Ndoo ilikuwa imefika nusu alipoanza kukwama. "Cra... Craig," akasoma. "Craig Outhwaite. Alipenda hapa. Haku... hakupenda maua."

Kisha uso wote ukafunguka.

"Hakupenda maua! Bibi, hata mimi siyapendi! Yananichosha!"

"Najua, mpenzi," Mama akasema. "Najua."

Giles alishusha pumzi kama mtu aliyevuka mto. "Vizuri, tumekipata," akasema. "Hicho mnaweza kukichukua nyumbani, bila shaka."

Mama aliinama. Akakusanya vibao vya kwenye changarawe, kimoja kimoja, akavirudisha ndooni, akaishika ndoo kwa mikono miwili na kuinyanyua. Ilikuwa nzito. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Hapana, mama, hivyo vingine ni mali ya taasisi. Tafadhali weka chini."

"Mali yenu ni mabenchi," Mama akasema. "Haya ni majina ya watoto wa watu. Kama unayataka, chukua kibao kimoja ukisome. Kwa sauti, kama alivyosoma huyu mtoto."

Akamsogezea ndoo kifuani. Giles aliangalia kibao cha juu. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini sauti haikutoka.

"Basi," Mama akasema. "Nipishe."

Giles akapisha. Na watalii wote mlangoni wakapisha.