Pilau la Msiba kwa Timu Iliyokuwa Bado Inacheza

Jamani, kuna aibu za kumsimulia mwenzio mkiwa jikoni mnamenya vitunguu, na kuna aibu ambazo unaomba hata ukuta usizisikie, na hii yangu ni ya aina ya pili, ila kwa kuwa Mama Brian ameshaisimulia kanisani, kwenye basi, na kwa dada anayemsuka nywele pale Ilford, naona afadhali niisimulie mwenyewe, maana akisimulia yeye inaonekana niliimba peke yangu, na ukweli ni kwamba tuliimba wote wawili.

Binti yangu Neema, niliyemzaa hapa hapa London, ana kazi ambayo ilinichukua miezi kuwaelewesha ndugu zangu wa Muheza. Kuna timu ya kulipwa inayocheza mpira wa magongo juu ya barafu, wanaume wakubwa wamevaa viatu vyenye chuma chini, wanakimbizana na kisahani cheusi, na Neema ndiye anayepanga wale nini na wale saa ngapi. (Kaka yangu aliuliza, "Kwa hiyo ni mpishi?" Nikasema siyo mpishi, ni mtaalamu wa chakula. Akasema, "Basi ni mpishi." Nikamwacha.) Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, na alinieleza wazi kwamba msimu ukiisha wakubwa watakaa kikao waamue nani abaki na nani afungashe virago. Mwanangu alikuwa halali vizuri kwa ajili ya hicho kikao, na mimi pia.

Sasa timu yenyewe! Mwanzoni mwa msimu picha zao zilibandikwa mpaka kwenye kituo cha basi Stratford, wamekunja mikono vifuani, wamenuna utadhani watamla mtu, na ilipofika Krismasi walikuwa wameshaliwa wao. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa hata na timu ambayo basi lake liliharibika njiani, wakafika wamechoka, wakavaa, wakaingia, wakawafunga. Kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia Neema, "Vipi leo?" ananijibu, "Don't ask, Mum." Mwishowe nikawa siulizi, nasema tu poleni.

Na hapo ndipo mkosi ulipoanzia, kwenye hiyo pole. Mimi nimelelewa hivi: mwenzio akifikwa na jambo, humpi pole kwa simu ukaridhika. Unajifunga kanga, unapika, unakwenda, unakaa naye mkeka mmoja. Hapa nchini nimeshakwenda misiba ya Wakenya, ya Wakongo, ya Wahindi wa Ilford waliozaliwa Kampala, na sijawahi kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo Neema aliponipa tiketi mbili za mechi ya mwisho, pamoja na kadi za kutundika shingoni za jamaa wa wafanyakazi, nikawaza, hawa watoto wa watu wako mbali na mama zao, wamefiwa na msimu mzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kuwahani. Nikaamua. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu, jamani, nikaloweka mchele.

Neema alikuwa ameniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mum, just sit, watch, and go home. Please." Nami nikamjibu, "Ndiyo mwanangu," kwa ile sauti ambayo watoto wetu wangekuwa na akili wangeiogopa.

Jumapili hiyo tulitoka ibadani moja kwa moja, mimi na Mama Brian, ambaye ni muuguzi, Mkenya wa Nakuru, mwanamke asiyekosa msiba hata wa mtu asiyemjua. Tukapanda treni ya Elizabeth kutoka Ilford, mimi nimepakata hotpoti kubwa la pilau la nyama, yeye ana chupa mbili za chai na mfuko wa sahani za karatasi, na wote tumejifunga kanga nyeusi juu ya nguo za kanisani. Behewa zima lilinukia iliki na bizari. Mzungu mmoja alihama kiti, kisha akarudi karibu zaidi.

Uwanjani baridi ilikuwa ya friji la bucha. Neema alishanieleza kwamba mechi hii wakishinda angalau hawataburuta mkia wa ligi, na kusema kweli siku hiyo vijana walijitahidi, walianguka, wakasukumana ukutani, wakapigana ngumi kidogo (inaruhusiwa, sijui kwa nini), na wakafunga mabao mawili. Ila wenzao walikuwa na matatu. Yakaja mapumziko, gari likaingia kulainisha barafu, tukanywa chai. Wakacheza tena, honi ikalia, ubao bado unasoma mbili kwa tatu, na watu wote wakainuka na makoti yao wakaelekea milangoni.

Nikashusha pumzi. "Basi," nikasema. "Yamekwisha."

Mama Brian akaniangalia. "Mama Neema, are you sure? Mbona hakuna mtu anapiga makofi? Si kuna part ingine?"

"Part gani? Mpira ni vipindi viwili, dada. Kuna mpira gani duniani una vipindi vitatu?"

"Haya basi. Wewe ndiye mama wa staff."

(Huo ndio utetezi wake mpaka leo, kwamba mimi ndiye mama wa staff.)

Tukashuka ngazi. Kwenye mlango wa kwenda vyumba vya wachezaji alikaa mzee wa Kighana, askari wa zamu, na laiti angekuwa Mwingereza tungerudishwa palepale na mimi leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini Mghana msiba anaujua. Akatazama kanga nyeusi, akatazama hotpoti, akatazama kadi zetu, akavua kofia. Akatuuliza kwa Kiingereza, sauti chini, nani amefariki. Nikamjibu kwa huzuni, "The season." Akatikisa kichwa kama aliyekuwa anaitegemea habari hiyo, akatufungulia.

Ndani tuliwakuta wamekaa kwenye mabenchi, jasho linawatiririka, vichwa chini. Kocha hakuwepo, alikuwa chumba cha pili na wasaidizi wake wakichora mistari ubaoni, na Neema alikuwa huko huko. Nami nilivyowaona tu, moyo wa mama mnaujua, machozi yakanitoka. Nikaanza kupita mmoja mmoja, nashika mkono kwa mikono yangu miwili, namwambia kwa Kiingereza changu, pole mwanangu, mmejitahidi, kazi ya Mungu haina makosa, imekwisha sasa, pumzikeni. Mmoja akamuuliza mwenzake kama kweli imekwisha. Mwenzake akainua mabega. Walikuwa wamefungwa mara nyingi mno msimu ule, nadhani mtu yeyote angekuja kuwaambia wameshindwa wangemwamini.

Mama Brian akaanzisha wimbo, ule wa taratibu wa kuwapokea waombolezaji, mimi nikaitikia, na huku tunaimba tunapakua. Msibani hakuna kuuliza mtu kama ana njaa, unamwekea sahani mkononi basi. Wa kwanza alikuwa golikipa, pande la mtu kutoka Slovakia, ana ndevu mpaka kifuani, na bila shaka alipokea kwa adabu tu, ila alipoonja kijiko cha kwanza alifumba macho. Waliobaki walipomwona wakanyoosha mikono wenyewe. Golikipa akaongeza. Akaongeza tena! Mimi nimesimama juu yake namwambia, "Eat, my son, eat," na nakiri nilikuwa na furaha kubwa moyoni, nikijiona Msamaria mwema.

Mlango ukafunguliwa, kocha akaingia na ubao wake mkononi. Akasimama. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Nyuma yake akatokea Neema.

Sijui niwaelezeje ule uso. Neema ana tabia tangu mdogo, akikasirika hapigi kelele, anaongea polepole kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Akatazama sahani, akamtazama golikipa aliyejaza shavu, akanitazama mimi.

"Mum," akasema. "There's another period."

Honi ikalia.

Hapo ndipo nilipojua. Kwetu mtu anayemlilia mgonjwa kabla hajakata roho anaambiwa ana uchuro, anamwitia mwenzie kifo, hata kumtembelea tena hospitali hakaribishwi. Mimi nilikuwa nimewachuria watu wazima ishirini, kwa wimbo, kwa machozi na kwa nyama ya ng'ombe. Wakainuka. Ile harakati ya kuinuka niliiona mwenyewe, haikuwa ya watu wanaokwenda kupigana, ilikuwa ya wajomba waliotoka kula ubwabwa wa harusi.

Tukarudishwa kwenye viti vyetu (mzee wa Kighana hakutaka hata kuniangalia), na kwa dakika ishirini nzima nikatazama matunda ya mikono yangu. Bao la nne liliingia golikipa akiwa ameinama. La tano, mlinzi mmoja alisimama ameshika ukuta, anapumua kwa mdomo. La sita na la saba sikuyaona, nilijifunika kanga, lakini niliyasikia. Na wale wa kamera, Mungu awasamehe, walimvuta golikipa karibu kwenye ile skrini kubwa inayoning'inia katikati ya uwanja, na pale kwenye ndevu zake, mbele ya maelfu ya watu, ilikaa punje ya pilau na kipande cha mdalasini. Kisha wakahamia kwa mashabiki, na wakawaona wanawake wawili wenye kanga nyeusi na hotpoti tupu. Uwanja mzima unatutazama. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikapunga mkono.

Mbili kwa saba. Wakaburuta mkia.

Neema hakupokea simu zangu siku nane. Siku nane, jamani, na kikao kilikuwa Jumanne katikati yake. Nilikuwa naamka nawaza, huyu mtoto amesoma, amehangaika na maombi ya kazi mpaka Croydon na wapi sijui, kazi yake ni kuhakikisha hao watu hawali ovyo, na mama yake mzazi ndiye amekwenda kuwalisha ovyo mbele ya bosi. Nilimwonea uchungu. Mama Brian alikuja kunipa pole, nikamwambia leo hapana, dada, neno hilo usinitajie.

Siku ya tisa akaja. Akaketi mezani, hakuvua koti. Nikamwomba radhi kabla hajasema lolote, na mnajua kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi siyo jambo la kila siku, lakini nilisema, na nilisema yote: kwamba alinikataza, kwamba nilimdanganya, kwamba nilijifanya najua.

"I was so embarrassed, Mum," akasema. "Nilitaka barafu ipasuke."

"Wamekufukuza?"

Akanisimulia. Meneja alimuuliza swali la kwanza kabisa, nani aliidhinisha wali. Akajibu, "My mother. Nobody authorises my mother." Ndipo golikipa, ambaye alikuwepo kuwasemea wachezaji, akanyoosha mkono, akasema kwamba msimu mzima wamefungwa na kila walipoulizwa na waandishi hawakuwa na sababu ya kutoa, wanajikuna vichwa tu, na mechi hii moja ndiyo pekee yenye sababu inayoeleweka, basi naomba, mheshimiwa, msimfukuze binti wa mama aliyetuletea sababu. Meneja akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

Kocha wakamwondoa. Neema wakamwongezea mwaka, kwa sharti moja lililoandikwa ndani ya mkataba, kifungu kizima, kwamba jamaa wa wafanyakazi wasivuke mlango wa vyumba vya wachezaji wakiwa na chombo chochote chenye mfuniko. Neema alinisomea mara mbili. Halafu akavua koti, akauliza kuna nini cha kula.

Nikadhani yameishia hapo. Juzi, msimu mpya umeanza na kocha mpya na picha mpya za kununa pale Stratford, simu ikalia Jumapili saa kumi jioni, ni Neema, na nyuma yake nasikia sauti za wanaume.

"Mum, tumefungwa," akasema. "Sita bila. Wanauliza kama unaweza kuja. Watakutana na wewe nje, kwenye car park."

Nilijiapia mbele ya Mungu na mbele ya Mama Brian kwamba simpi mtu pole tena mpaka nihakikishe mgonjwa amezikwa na udongo umekauka, na kiapo ni kiapo.

"Neema," nikamwambia, "mpe simu refa."