Pikapu imevuka mbuga, nikampigia Mama Minza

Leo pikapu yangu imevuka mbuga ya Songwa bila kusukumwa na mtu.

Tope la mvua hizi mnalijua.

Mwaka mzima nimeihangaikia: nimeinua springi, nikafunga tairi za matope, nikaweka winchi mbele.

Mke wangu, Mama Minza, alihamia Geita akiwa amechoka kuisukuma, mtoto mgongoni. Hakurudi.

Nilipofika ng'ambo nikazima injini, nikampigia.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Namba yangu ni ileile miaka yote, jamani.

Nikasema, "Samahani dada, nimekosea namba."

Hata sauti hakuitambua. Akajibu kwa upole, "Haya kaka, hamna shida."

Nikakaa kwenye bodi peke yangu, nikitazama mbuga nzima.

Hivi ninyi mngejitaja?