Plus Kwenye Bodi: Safari ya Kirolirwe na Jeep ya Mjomba

Niliondoka Goma kwa sababu mke wa mjomba wangu, Mama Masika, alikuwa amebaki nyuma mara mbili. Miguu yake ilikuwa imepooza, na juu ya pikipiki hawezi kukaa. Mara ya kwanza watu wa kijiji chao, Kirolirwe, walipokimbia mapigano, jeep ya nyumbani ilikataa kuwaka. Mara ya pili ikakataa tena. Mjomba Kambale alibaki naye mara zote mbili, wakisikiliza ndani ya nyumba. Wenye silaha walifika wakaomba chumvi. Mama Masika akawaonyesha ilipo.

Jeep yenyewe ni ya Kiingereza, ya petroli, imenizidi umri. Ugonjwa wake ulijulikana. Ndani ya distribiteri mna platine, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili moto ufike kwenye buji, plagi za injini. Vilikuwa vimelika, na vipya havipatikani. Mtoto wao aliyeko Kampala akatuma kifaa cha elektroniki cha kushika nafasi yake. Mafundi wa magari wa Goma walikitazama wakasema mambo ya elektroniki ni ya watu wa redio. Mimi natengeneza redio pale Birere, mtaa wa Goma. Injini ya gari sikuwa nimewahi kuifungua.

Jumanne, saa tatu asubuhi, nilikuwa Sake natafuta pikipiki. Aliyenibeba aliitwa Bahati, mtu wa Walikale, ambaye zamani alibeba magunia ya kasiterite, madini ya bati, kutoka machimbo ya Bisie kwa mgongo. Nilimuuliza kama kazi ya pikipiki inamchosha.

"Hapana, dada. Kule nilikuwa nabeba kilo makumi tano mu pori, siku mbili. Hapa nakubeba weye, na unajishika mwenyewe."

Kwenye kizuizi cha kwanza, mlimani juu ya Sake, mwenye bunduki alifungua mfuko wangu akatoa kile kifaa: kisanduku cheusi kama kiberiti, chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Hii iko nini?"

"Ni ya kuwasha jeep ya muyomba wangu."

"Haiko bombe?"

"Ingekuwa bombe, ningemupelekea muyomba?"

Alifikiri. "Inategemea muyomba," akasema, akanirudishia.

Kirolirwe tulifika mchana, kijani pande zote, ng'ombe wamejipanga vilimani. Bahati alinishusha, akanywa maziwa aliyopewa, akarudi Sake. Mama Masika alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Kavira, umekuja kutengeneza redio?"

"Jeep, Mama."

"Redio nayo iko mubovu."

Jumatano asubuhi nilifungua boneti. Mjomba alishika karatasi ya maelezo. Niliondoa platine, nikakaza kisanduku mahali pake, nikavisha ile pete ya sumaku iliyokuja nacho. Kazi ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, na hilo peke yake lilipaswa kunitia wasiwasi. Kabla ya kufunga waya nikatazama betri. Waya wa plus, yaani chanya, ulikuwa umefungwa kwenye bodi ya gari. Karatasi ilisema minus, hasi, ndiyo iwe kwenye bodi, na kifaa kikiunganishwa kinyume kinaungua papo hapo. Tulikuwa nacho kimoja. Nikakaa juu ya tairi.

"Iko shida?" Mjomba akauliza.

"Plus iko ku bodi."

"Iko vile tangu naiuzaka."

Kwetu kuuza ni kununua pia. "Najua. Basi inabidi tugeuze gari yote."

Mjomba aliitazama jeep, akalitazama lango. "Itaangalia wapi?"

Nikamweleza kwamba jeep itabaki palepale, umeme ndio utakaogeuka. Karibu saa nne milio ya bunduki ilianza nyuma ya vilima. Majirani wakaanza kufunga magodoro. Mjomba akauliza itachukua muda gani. Nikamjibu ninavyowajibu wateja wa redio: kidogo.

Nilifungua waya za betri nikazibadilisha. Kichwa cha plus ni kinene kuliko cha minus, kwa hiyo kishikio kimoja kilikataa kuingia, nikakitanua kwa bisibisi. Cha pili kikacheza, nikakikazia kwa kipande cha kopo la nyanya. Vilipokaa sawa nikavitoa tena, hadi waya nyingine ziishe. Nikahamisha waya ndogo za bobini, koili inayozidisha umeme wa buji. Kila waya niliutaja kwa sauti kabla ya kuukaza, huku betri ikiwa bado haijaunganishwa.

"Nyekundu ku plus ya bobini. Nyeusi ku plus..."

"Kavira," Mama Masika akaita kutoka mlangoni. "Umesema plus mara mbili."

Nikatazama. Waya zote mbili zilikuwa kwenye skrubu moja. Nikautoa mweusi nikaupeleka minus.

Ndipo nikaunganisha betri. Dinamo inayochaji betri nayo ilibidi ifundishwe upya plus iko wapi: unagusisha waya kutoka betri kwenye skrubu yake ndogo, cheche inaruka, basi imejua. Mjomba akajaribu kuwasha. Kimya. Nilikuwa nimesahau kurudisha waya mnene wa bobini. Nikaurudisha. Akajaribu tena, na jeep ikawaka kwa sauti ambayo Mjomba alisema hakuwa ameisikia tangu ujana wake.

Tulimbeba Mama Masika tukamkalisha mbele. Nyuma tukapanda mimi, mabibi wawili wa jirani na magodoro manne.

Kwenye kile kizuizi cha juu ya Sake, mlinzi mwingine aliamuru, "Zima moteri." Kwa miaka mingi Mjomba hakuwa amezima injini njiani, kwa kuogopa isiwake tena. Alinitazama kwenye kioo. Nikatazama magodoro. Akazima. Milio ikasikika vizuri zaidi. Yule mtu alipekua taratibu, akatuambia twende. Mjomba akagusa ufunguo, ikawaka mara moja. Tulipofika Sake alisema ana njaa.

Goma walikaa kwangu majuma matatu. Kuhusu magari nilijifunza hili: uliza kwanza plus iko wapi, na soma kwa sauti mbele ya mtu anayesikiliza. Kuhusu Mama Masika nilidhani nimeshaelewa yote. Mapigano yalipohamia upande mwingine, nikampangia chumba cha kudumu.

"Narudi na muyomba wako," akasema.

"Mama, si ulibaki kule mara mbili?"

"Nilibakia juu ya kukosa namna ya kutoka. Sasa niko nayo. Nikibakia tena, ndio mimi mwenyewe nitakuwa nimependa."

Nilishika miguu, Mjomba akashika mabega, tukamkalisha mbele kwenye jeep. Akaniomba nifunge mlango kwa nguvu kidogo, maana huwa unafunguka kwenye kona.